Sema Kabla ya Kasiksi

Solange mutoto wangu,

Uko kwa mususi, na najua utakaa kule hadi saa kumi, kwa sababu yule mwanamuke anasuka polepole na anaongea sana, na wewe huwezi kumwambia aharakishe. Neema amelala hapa kando yangu juu ya vitambaa vya watu. Nimesimamisha cherehani nikuandikie. Hii nyumba yetu ya mbao hapa Ndosho, mutu akikohoa upande huu, upande ule wanamupa pole, lakini kuna maneno ambayo mimi na wewe tumeshindwa kuambiana. Tunaanza, halafu mumoja wetu anaenda kuangalia sufuria.

Sitakuandikia habari za Bukavu. Namna ya kufunga chakula cha njiani, mutu wa kumupigia simu ukifika, dawa ya Neema ya kifua, hayo unayajua kuliko mimi. Nakuandikia juu ya kesho asubuhi tu.

Kesho asubuhi, kabla hujaenda kwenye boti, famiye, ukoo wote, itakaa hapa kwetu tena. Ataongoza Baba Mukubwa wenu, kaka ya marehemu baba yako. Watu wa baba ya Neema watatoka Rutshuru. Wanamuomba Neema, wanasema ni damu yao, na Baba Mukubwa anataka kuwapa. Atauliza kama mama ya mutoto ana neno. Ukikosa neno, utapanda boti peke yako na mutoto atapanda gari ya Rutshuru. Ni hiyo tu. Mengine yote ninayoandika hapa yanatoka kwenye hiyo.

Nianze na siku ya Mungu iliyopita, na sitakusemea vizuri. Wiki nzima nilikusikia nyuma ya nyumba ukifanya mazoezi. Diskuri, hotuba nzima ya Kifaransa, na salamu kwa kila muzee kwa jina lake na cheo chake. Nikasema moyoni, haya, safari hii ataweza. Basi siku ikafika. Baba Mukubwa akaeleza kwamba wewe unaenda kazi ya laboratwari, utashinda hospitalini kutwa, mutoto atalelewa na kufuli ya mulango. Watu wakacheka. Halafu akakugeukia akauliza kama uko na neno. Ukaangalia vidole vyako. Halafu ukatabasamu.

Mutoto wangu, kile kitabasamu nilitaka kukupiga kofi kwa ajili yake. Nakijua, kilitoka kwangu. Ni cha mutu anayeomba watu wamusamehe kwa kuwa hapo. Na unajua walisema nini ulipoingia jikoni? Walisema Solange ni binti mwenye adabu. Mashangazi wakakusifu, mumoja akasema angependa kuoza kijana wake kwa musichana mupole kama wewe. Walikuwa wanakunyang'anya mutoto na kukusifu kwa wakati mumoja, na wewe ukawaletea chumvi.

Kitu kimoja ndicho kilikusaidia. Muzee wa watu wa baba ya Neema alikwama njiani, barabara ilikuwa mbaya, na bila yeye kasiksi haikuweza kupita. Kwa hiyo waliahirisha hadi kesho. Usijidanganye kwamba walikuhurumia.

Unajua namna yetu. Maneno kwanza, pombe baadaye. Watu wakimaliza kusema, bidon ya kasiksi inaletwa katikati, ile pombe ya ndizi, anayeongoza anakunywa wa kwanza, halafu kikombe kilekile kinazunguka. Kila anayekunywa amekubali. Kikishazunguka, neno halifunguliwi tena. Mutu akilifungua wanamuita mutu aliyekunywa akatapika, na jina hilo linamufuata hadi kaburini.

Mimi nilikunywa.

Habari ya kaka yako Moise unaijua upande mumoja. Ulipokuwa na miaka ya ukaidi ulinirushia usoni kwamba nilimutoa kama mutu anayetoa mbuzi. Sikukujibu. Leo nakujibu, na sikuombi huruma yoyote, sina kazi nayo.

Tulipomaliza kilio cha baba yako, famiye ilikaa. Moise alikuwa ndiyo ameanza shule, wewe nilikuwa nakubeba mugongoni. Walisema kijana mwanaume lazima akulie kwa watu wa baba yake, Rutshuru, ajue mashamba na ng'ombe zao. Niliyajua hayo kabla, kwa hiyo nilikuwa nimejitayarisha. Ee, Solange, nilikuwa na maneno mazuri. Nilipanga kushukuru kwanza wote waliochimba kaburi. Halafu nisalimie wazee. Halafu nikumbushe namna marehemu alivyomupenda Moise. Halafu, mwisho kabisa, taratibu, niombe waniachie mutoto wangu.

Baba Mukubwa akauliza kama mama ana neno. Alingoja, hilo sitamunyima, alingoja kweli. Watu wote wakanigeukia, na koo langu likakauka kama unga. Nilikuwa natafuta pale pa kuanzia, kwa wachimba kaburi, na sikupapata. Bidon ikaletwa, Baba Mukubwa akakunywa, kikombe kikaanza kuzunguka. Shangazi yako aliyekaa kando yangu aliona midomo yangu imekauka. Kwa roho nzuri tu, akanisukumia kikombe.

Nilikuwa na kiu. Nakuapia mbele ya Mungu, ilikuwa kiu. Nilikunywa, na ilikuwa tamu, na nilipotoa kikombe mudomoni wazee walikuwa wanasema aksanti mama, umetuheshimu. Wengine wakaanza wimbo. Nilitaka kusema hapana, subirini, lakini utamuambia nani hapana huku unapangusa pombe yake mudomoni?

Mashangazi wakaingia chumbani kukunja nguo zake. Moise akaja kwangu, akaniuliza kama avae viatu vya kanisa. Nikamujibu ndiyo. Hilo ndilo neno pekee nililosema ile siku nzima, mbele ya watu wote wale.

Sasa nisikilize. Ile diskuri yako itupe. Watu kama sisi tunajificha ndani ya salamu. Tunasema mpaka tufike kwenye neno lenyewe, watu wamechoka na sisi wenyewe tumekwisha nguvu. Kesho anza na neno. Sema, Neema anaenda na mimi. Lipeleke mbele kabla ya yote, hata kama ni ukosefu wa adabu. Salamu utawapa baadaye, kama itabaki pumzi. Na usiseme samahani, na usiseme mimi sijui kuongea mbele ya watu. Wanalijua hilo, ndiyo wanategemea hilo.

Kunywa maji yako kabla, maji mengi, hata kama utakojoa mara nyingi kwa woga. Simama. Ukikaa, sauti yako inaishia kwenye magoti. Utatetemeka, na watakuona unatetemeka. Basi wakuone. Mimi zamani nilifikiri mutu anangoja woga uishe ndipo aongee. Nilingoja miaka mingi, na bado siku hizi nikisimama parokiani kusoma matangazo ya ndoa, goti la kushoto linacheza kivyake ndani ya kitenge.

Unajua nilijifunza wapi? Kwenye shirika, pale kwa majirani, tukisali kila juma. Kila mutu anasali kwa sauti kwa zamu yake. Mimi zamu ilipokaribia nilikuwa nakufinya paja. Ndiyo, wewe. Nilikufinya kweli, ukalia, nikatoka nje na wewe kukunyamazisha, na nikarudi zamu imenipita. Watu walinipa pole kwa kuwa na mutoto mulizi. Ulikuwa mutoto mutulivu kuliko wote wa Ndosho, na una sifa ya kulia hadi leo kwa wale wazee kwa sababu yangu. Halafu ukawa mukubwa, hubebeki tena, na nikabaki bila mutu wa kufinya.

Sala yangu ya kwanza nilimwambia Bwana atuombee wagonjwa. Nilimutuma Mungu asali. Chumba kizima kilicheka, hata yule muzee kiziwi alicheka baada ya kuelezwa. Nilitembea hadi nyumbani nikifikiri nitahama mutaa. Kesho yake nikakutana nao sokoni na walikuwa wanalalamika bei ya makala ya kupikia. Hakuna aliyekumbuka. Nilikasirika kidogo, kusema kweli, kwa sababu mimi nilikuwa sijalala. Watu hawakubebi kichwani mwao kama unavyofikiri, Solange. Wanacheka, halafu wanarudi kwenye shida zao. Juma lililofuata nikasali tena, sentensi moja. Nikaendelea hivyo, mwaka ukaisha, mwingine ukaisha, na siku moja nikagundua watu wananyamaza ili wanisikie.

Basi nikaenda Rutshuru kumuchukua mutoto wangu.

Hii sijakuambia hata nusu yake. Ulifikiri nilienda kwenye kilio. Nilimuomba Baba Mukubwa akutanishe wazee, akakubali, nadhani alitaka kuona kitu cha kuchekesha. Nilisimama na nikasema. Mutoto wangu, nilisema vizuri. Niliwaambia habari ya kiu yangu. Niliwaambia kwamba sahani ya Moise bado iko kwangu na hailiwi na mutu. Sikulia, sauti haikukatika. Nilipomaliza, muzee mumoja alipangusa macho kwa kofia yake, na wengine walinipigia makofi, wazee wale, makofi. Baba Mukubwa alingoja makofi yaishe. Halafu akasema, bila ubaya wowote:

"Mama Solange, haya maneno tungeyasikia ile siku, mutoto tungekuachia."

Ungeniona. Nilibaki nimesimama pale na diskuri yangu nzuri.

Wakamuita Moise. Alikuwa ameanza kuota ndevu. Alinisalimia kwa mikono miwili, kwa heshima sana, namna mutu anavyomusalimia mama yeyote anayeuza unga. Wakamuuliza kama anataka kwenda Goma, huku Ndosho, na mama yake. Akasema:

"Huyu mama anaongea muzuri. Lakini mimi niko kwetu."

Wakanipa kuku ya njiani. Niliipakata ndani ya gari hadi Goma, ilikuwa hai na inaninyea kwenye kitenge, na kila abiria aliniuliza naiuza bei gani. Tuliila, wewe na mimi. Ulisema ni tamu. Mwaka huu Moise ameoa, na nilisikia kwa mutu aliyekuwa ananunua uzi.

Kwa hiyo mutu akikuambia kwamba shida yako ni kutojua kuongea, usimusikilize sana. Mimi nilikuja kujua kuongea, na nilipata makofi na kuku. Ningependa zaidi ningekuwa nimegugumia neno moja baya, bovu, bila salamu, ile siku yenyewe, wakanicheka, wakanidharau, na Moise akavua viatu vyake akarudi kucheza. Kuna siku yake ya kila neno. Yako ni kesho kabla ya kikombe, na baada ya hapo unaweza kuwa bingwa wa kusema katika Kivu nzima, haitakusaidia kitu.

Sikuambii ubadilike. Kimya chako si ugonjwa, usiende Bukavu kukitafutia dawa. Wenzako wa kazi watakupenda kwa ajili yake, wagonjwa pia. Mimi mwenyewe nikitoka parokiani nafunga mulango, natoa viatu, na sitaki kusikia sauti ya mutu hadi asubuhi. Tuko hivyo, na tuko sawa. Lakini wale watu wa kesho wanakitumia kama ufunguo wa nyumba yako. Wewe unaona uko kimya tu, wao wanasikia ndiyo.

Sasa nifike kwenye lile lililonikalisha chini.

Nakujua. Utasoma hapa, utalia kidogo, utakuja kunishika mukono na kusema mama nitaongea. Na kesho akikuuliza utaangalia vidole vyako tena. Najua kwa sababu mimi pia niliahidi, nilimuahidi baba yako jeneza lake likiwa bado ndani ya nyumba. Ahadi yako siitaki. Nimeamua namna ingine, na nakuambia mapema ili usiseme nilikuvizia.

Ukinyamaza kesho, nitasimama mimi. Nitasimama kabla kikombe hakijaanza kuzunguka, na nitawaambia wamuchukue Neema.

Usifikiri natishia. Siku ile Rutshuru, kabla sijapanda gari, Moise alinisindikiza hadi barabarani akaniuliza swali moja. Aliniuliza ni nani alisema yeye aende. Nilitafuta jina la kumupa. Sikuwa nalo. Baba Mukubwa alikuwa ameuliza tu, shangazi alikuwa amenipa kinywaji tu, mimi nilikuwa nimenyamaza tu. Nikamwambia hakuna aliyesema. Yule kijana akaniangalia, Solange, na nikaona ingekuwa afadhali kwake ningemwambia kwamba nilimuuza. Ana mama ambaye hawezi hata kumuchukia vizuri. Neema hatakuwa hivyo. Akikua akauliza nani alisema, watamuambia, ni bibi yako wa Ndosho, yule mushenzi, alisimama akasema kwa mudomo wake. Atakuwa na mutu wa kumulaani.

Na nitasema vizuri, unajua naweza. Nitawaambia kwamba Neema akiwa na homa usiku mimi ndiye ninasikia, wewe unalala. Nitawaambia kwamba ulimusahau kwa jirani siku ile ya mutihani, hadi giza. Nitawaambia kwamba mwanamuke anayeshindwa kumwambia mususi kwamba anamuumiza kichwa, hatajua kumutetea mutoto katika muji wa watu. Nitawaambia kwa ile sauti iliyowaliza wazee, na watanikubalia, kwa sababu mambo yote nitakayosema ni ya kweli na wewe unajua ni ya kweli. Ukiniangalia kwa macho ya kuomba, sitakuona.

Umeshaanza kukasirika? Vizuri. Umri wako wote nimekusikia ukipandisha sauti kwa mutu mumoja tu hapa duniani. Kwa wengine wote unatabasamu. Lakini mimi nikimugusa baba ya Neema kwa neno, nikigawa nguo yako kwa mutoto wa jirani, nikikuambia umekonda, unasimama hapa mulangoni na maneno yanakutoka yamenyooka, bila salamu, bila Kifaransa, mutaa muzima unasikia, na kila neno linapiga pale ulipolituma. Nimekaa chini ya ile sauti miaka mingi, nikiinamia cherehani, nikijifanya sisikii. Na kila mara nilijiuliza kwa nini Mungu ameniwekea sauti hiyo mimi peke yangu.

Kesho usiwaangalie wazee. Usimwangalie Baba Mukubwa, utamuogopa. Usimwangalie Neema, utalia. Niangalie mimi. Nitakuwa mbele yako, nimesimama, nimevaa kitenge changu cha kanisa, namutoa mutoto wako kwa watu.

Sitangoja uwe tayari, na sitasema polepole ili upate nafasi. Unikatize.

Mama yako